Likizo Ndefu na Elimu ya Dawa

Kila iwadiapo likizo ndefu ya vyuo vikuu, boti zinazofunga gati Malindi na Mkoani huteremsha vijana wetu wanaorejea nyumbani. Wengi wao ni watoto wa wakulima wa karafuu, wa wavuvi na wa akina mama wanaolima mwani. Miongoni mwao wamo wanaosomea famasi, kemia na kazi za maabara. Kwa muda wa miezi miwili, na pengine zaidi, vijana hao huwa nasi. Suali tunalopenda kuliweka mbele ya wananchi na mbele ya viongozi wenye dhamana ni hili: katika miezi hiyo, elimu yao huwa inafanya kazi gani?

Jawabu tunalijua sote. Mmoja husaidia dukani kwa ami yake, mwingine huchuma karafuu, na wa tatu hukaa barazani akingoja chuo kifunguliwe. Hatusemi kwamba kazi hizo ni za aibu. Mzazi ana haki ya kusaidiwa na mwanawe. Tusemalo ni kwamba taifa limegharimika kumfundisha kijana huyo, kisha kila mwaka humwacha akasahau nusu ya aliyofundishwa. Walimu wetu wa chuoni, tulipokuwa tungali wadogo na vibao vyetu mapajani, walitukumbusha daima kwamba elimu bila ya amali ni mti usiozaa. Maneno hayo hayajachakaa.

Tuanze kwa kueleza elimu yenyewe, maana wapo wanaodhani kuwa mfamasia ni muuza vidonge tu. Dawa ina mambo mawili. La kwanza ni kile kiini kinachotibu. La pili ni njia ya kukifikisha kiini hicho mahala penye maradhi, kwa kiasi kinachofaa na kwa wakati unaofaa. Jambo hili la pili si geni kwetu. Wazee wetu walijua kwamba jani moja huweza kuchemshwa likanywewa, au likafukizwa, au likasagwa na kuchuliwa mwilini, na kwamba kila njia ina maradhi yake. Sayansi ya leo inauliza suali lile lile kwa mizani na vipimo. Kidonge kikivunjika kabla ya wakati wake, tindikali ya tumbo huweza kuiharibu dawa. Kikikataa kuvunjika, hutoka mwilini kama kilivyoingia, na mgonjwa akabaki na maradhi yake ilhali daftari la hospitali linaonesha kuwa ametibiwa.

Tutoe mfano ulio karibu. Kwa miaka mingi mtoto mchanga mwenye malaria alipewa kidonge kilichopondwa ndani ya kijiko. Uchungu ulimtapisha, na mama hakujua ni kiasi gani kilichobaki tumboni. Wataalamu wakatengeneza kidonge cha dawa mseto ya artemetha na lumefantrini kinachosambaratika katika maji kidogo, chenye ladha tamu ya tunda. Matokeo ya majaribio yake yalichapishwa mwaka 2008. Walishiriki watoto 899 wa Benin, Kenya, Mali, Msumbiji na Tanzania, na watoto wa Zanzibar walikuwa miongoni mwao. Ilithibitika kwamba kidonge hicho hakikuwa nyuma ya kile cha kupondwa katika kutibu, na mwaka 2009 kikaanza kutumika. Ifahamike kuwa hapakuvumbuliwa dawa mpya hapo. Dawa ilikuwa ile ile. Kilichobadilishwa ni njia ya kumfikishia mtoto.

Pemba nayo ina historia yake katika mambo haya. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000, imekuwa kituo cha tafiti nyingi za maradhi ya minyoo na kichocho. Mwaka 2014 jarida kubwa la udaktari la Marekani lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watoto wa skuli wa Pemba. Lilionesha kuwa dawa mbili, oksanteli na albendazoli, zikitolewa pamoja, huipiga vizuri zaidi aina moja ya minyoo ya utumbo ambayo dawa zilizozoeleka haziiwezi sawasawa.

Watoto wetu, basi, wamemeza dawa na kutoa vipimo vyao kwa manufaa ya ulimwengu, nasi tunajivunia. Wataalamu wetu nao wamefanya kazi katika tafiti hizo, wala hatuwasahau. Lakini mtaalamu huzeeka na kustaafu, na nafasi yake haiwezi kujazwa sawasawa na mtu aliyeingia maabara kwa mara ya kwanza siku ya kuajiriwa. Mrithi wake hana budi kutayarishwa mapema, na wakati wa kumtayarisha ni huu wa likizo.

Wenzetu wa mbali wamelitambua hilo zamani. Nchini Marekani, chuo cha Massachusetts Institute of Technology kilianzisha mwaka 1969, chini ya Margaret MacVicar, mpango wa kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti bega kwa bega na walimu wao. Tangu mwaka 1987 mfuko wa sayansi wa serikali ya nchi hiyo umekuwa ukigharimia nafasi kama hizo wakati wa kiangazi, na maabara za dawa zimekuwa miongoni mwa zinazopokea vijana. Aghalabu mwanafunzi hukaa wiki 10, hupewa msimamizi, suali moja la kulishughulikia, na posho ya kujikimu. Lakini nafasi za mfuko huo ni za raia na wakaazi wa kudumu wa nchi hiyo. Hatuwalaumu. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Nasi tuvute upande wetu.

Kijana wa mwaka wa pili au wa tatu anaweza kufanya nini kwa wiki 10? Anaweza kufanya mengi, na mengine hayafanyiki vizuri ila hapa. Dawa zinazokusudiwa nchi zenye joto na unyevu mwingi hujaribiwa kwa kuwekwa katika joto la digrii 30 na unyevunyevu wa asilimia 75. Je, kabati la dawa la kituo cha afya cha kijijini, chini ya paa la bati, lina joto gani saa nane ya mchana? Kijana mwenye kipimajoto na daftari anaweza kutujibu, kituo baada ya kituo. Kisha anaweza kuvichukua vidonge vilivyokaa humo, akavitia katika maji yenye joto la mwili, digrii 37, na kupima vinaachia dawa kiasi gani na kwa muda gani. Kwa kidonge cha watoto kinachosambaratika majini kipimo ni chepesi zaidi: ndani ya dakika 3 kiwe kimesambaratika chote.

Tena tutazame mali yetu wenyewe. Mwani unaolimwa kibiashara katika pwani zetu tangu mwaka 1989, kwa jasho la akina mama zaidi, husafirishwa mkavu ng'ambo. Huko hutolewa ute uitwao karaginani, ambao hutumika kuzitia dawa za maji uzito na kutengeneza maganda ya vidonge yasiyotokana na mnyama. Jambo hili la mwisho si dogo kwa Muislamu anayeuliza ganda la dawa yake limetokana na nini. Karafuu nayo, mafuta yake yana yujenoli, ambayo daktari wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda na kutuliza maumivu. Kiwanda cha makonyo kipo Wawi, na maabara tuliyoitaja ipo Wawi. Haiwi shida kubwa kumtembeza kijana baina ya milango miwili iliyo jirani.

Tunajua wapo watakaosema kuwa mafunzo kwa vitendo yapo tayari. Yapo, na tunayaunga mkono. Lakini mafunzo hayo humzoeza kijana kazi inayojulikana, na utafiti humfundisha kuuliza lisilojulikana. Na tuseme kweli: mara nyingine kijana hupelekwa ofisini akaishia kuhesabu maboksi na kutumwa chai. Wapo pia watakaosema tungoje mpaka tuwe na viwanda vikubwa vya dawa. Sisi tunaona kuwa huko ni kuanza jengo kwa paa. Kiwanda kisicho na mafundi wake hugeuka ghala la mashine za watu wengine.

Liko jambo moja ambalo hatutaki lipite kimya, nalo ni posho. Nafasi ya utafiti isiyo na posho ni nafasi ya mtoto wa mwenye nacho. Mtoto wa mjane wa Micheweni au wa Makunduchi, hata awe hodari wa darasa zima, hawezi kukaa wiki 10 maabara ilhali nyumbani anangojewa alete kilo ya mchele. Tukifungua mlango wa maabara bila ya posho, tutakuwa tumeuandikia kwa wino usioonekana: maskini asiingie. Hilo halilingani na misingi ya usawa tuliyojiwekea.

Kwa hiyo tunawaomba wenye dhamana ya afya na elimu wayatazame mambo matatu. Kwanza, hospitali, vituo vya afya na maabara zetu ziandike kila mwaka orodha ya masuali yanayowasumbua, ili kijana asitafutiwe kazi ya kubuni. Pili, zitengwe nafasi, hata kama ni 10 tu kwa kuanzia, zenye posho, nauli na msimamizi anayejulikana kwa jina, zigawanywe kwa haki baina ya Unguja na Pemba. Tatu, mwisho wa likizo kila kijana asome matokeo yake hadharani, kwa Kiswahili, mbele ya wanakijiji waliomsaidia. Wala isisahauliwe kwamba hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kumgusa mgonjwa au kufungua siri yake bila ya idhini na usimamizi.

Kwa wazazi, tunawaomba wawaachilie watoto wao wiki hizo. Kwa vijana, tunasema wasingoje kuitwa, wabishe hodi.

Watoto wa visiwa hivi wamekwisha kunywa dawa ili ulimwengu ujifunze. Imebaki zamu ya kaka na dada zao kujifunza namna ya kuitengeneza.