Kwa nini ngalawa yenye mbio huchelewa kurudi

Wavuvi wanapoisifu ngalawa kwamba inakwenda, mara nyingi husifu mwendo wake upepo ukiwa ubavuni, maana hapo ndipo chombo hicho huonyesha uwezo wake. Lakini ngalawa ni chombo cha kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Hutoka alfajiri kwa umande, yaani upepo mwanana utokao bara, na hutakiwa kufika pwani kabla ya giza. Upepo wa mchana ukivuma kutoka baharini, kurudi ni rahisi. Ukivuma kutoka huko huko chombo kinakokwenda, maili chache huweza kula jioni nzima. Ili kuupima ubora wa chombo hiki kwa haki, tunahitaji kutenganisha mambo matatu: nguvu ya tanga, ukinzani wa maji, na njia ambayo chombo hupita kwa kweli.

Tuanze na upepo. Upepo unaolifikia tanga si sawa na ule unaompata mtu aliyesimama ufukweni, kwa sababu tanga lenyewe linatembea. Tuseme upepo unavuma maili 10 kwa saa (maili zote hapa ni za baharini) na ngalawa inakwenda maili 5 kwa saa. Upepo ukiwa nyuma, chombo kinaukimbia, na tanga hubaki na upepo wa maili 5 tu. Upepo ukiwa ubavuni, mwendo wa chombo huleta upepo wake wa mbele, na tanga hupata takriban maili 11. Msukumo wa upepo nao hukua kwa mraba wa kasi yake, hivyo tofauti ya msukumo hapa ni kama mara tano. Ndiyo maana chombo hukimbia zaidi upepo ukiwa ubavuni kuliko ukiwa nyuma, ingawa abiria mgeni hutarajia kinyume chake.

Tanga lililotandwa vizuri huupindisha upepo unaolipitia, na kwa kuupindisha, lenyewe husukumwa upande wa pili. Msukumo huo hauelekei mbele peke yake. Chombo kinapokaza kuelekea upepo, sehemu kubwa ya msukumo huenda ubavuni na sehemu ndogo tu huenda mbele. Kazi ya kuizuia ile ya ubavuni ni ya maji, na maji hayawezi kuzuia bila kupewa kitu cha kushika. Mashua ina mkuku. Ngalawa imechongwa kwa gogo moja, mara nyingi la mwembe, na tumbo lake ni la mviringo lisilo na mkuku wa kina. Kwa hiyo kila inapokwenda mbele huchukuliwa pia kidogo upande wa chini, yaani upande ambako upepo unaelekea.

Gogo hilohilo lina faida yake. Katika miaka ya 1870, Mwingereza William Froude alivuta mifano midogo ya meli kwenye birika refu huko Torquay, akaonyesha namna mawimbi ambayo chombo hujitengenezea yanavyokizuia. Kwa chombo cha kawaida chenye urefu wa mita 5.5 majini, ukinzani huo hupanda ghafla kikikaribia maili 5.7 kwa saa. Chombo chembamba sana hutengeneza wimbi dogo, na kwa hiyo kikomo hicho hakikibani sana. Wembamba wa ngalawa ndio siri ya mbio zake.

Wembamba huo ungeipindua mara moja kama si matengo, zile mbao mbili za pembeni zilizofungwa kwenye miti inayokatisha juu ya mtumbwi. Mbao hizi hufungwa kwa kulalia upande, wala hazitegemei kuelea tu: tengo la upande wa chini likikata maji kwa kasi, maji huliinua. Ustadi huu wa mafundi wetu unastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa una sharti lake. Kiinuo hicho hutokana na mwendo. Nahodha akilazimisha omo, yaani mbele ya chombo, ielekee karibu mno na upepo, mwendo hupungua, tengo huzama, nalo likizama huburuta na kuvutia chombo upande wa chini. Ngalawa basi haipendi kubanwa. Inataka iachiwe nafasi ikimbie.

Sasa tufanye hesabu ya kurudi kwa vyombo viwili. Pwani iko maili 10, na upepo unatoka huko huko, kwa hiyo ni lazima kubisha, yaani kwenda mshazari upande huu na ule. Chombo cha kwanza kinakwenda maili 4 kwa saa, kwa pembe ya nyuzi 45 na upepo. Katika kila saa kinasogea kuelekea pwani maili 2.8, hivyo kitafika kwa saa tatu na nusu hivi. Ngalawa inakwenda maili 5 kwa saa, ila kwa nyuzi 60: inasogea maili 2.5, na itahitaji saa nne. Tukiongeza nyuzi 10 za kuchukuliwa upande wa chini, njia yake halisi inakuwa nyuzi 70. Hapo inasogea maili 1.7 tu kwa saa, na safari inakaribia saa sita. Muda wa kuhamisha foromali, mti unaobeba tanga, kila inapogeuka haumo katika hesabu hii.

Ziangalie namba hizo tena. Kilichoigharimu ngalawa karibu saa mbili ni nyuzi 10 ambazo mtu aliye ndani hazioni, kwa kuwa omo inaelekea vizuri na maji yanapita kwa kasi.

Kwa hoja hizi, naona kwamba mwenye ngalawa anayechelewa kurudi hukosea anapokimbilia tanga kubwa zaidi. Tanga kubwa huongeza msukumo wa mbele na wa ubavuni kwa pamoja, na huo wa ubavuni ndio uliokwisha kumshinda. Fedha ya tanga hilo ingefaa zaidi kwanza kubadilisha tanga lililolegea, kwa sababu kitambaa kilichovutika hufanya tumbo kubwa na kusukuma zaidi ubavuni. Kisha atazame shikio: lililo fupi huyaachia maji, lenye kina huyashika. Baada ya hapo asugue chini ya mtumbwi.

Upimaji wa mabadiliko haya unawezekana kwa simu yenye ramani inayochora njia. Subiri maji yasimame, kati ya kujaa na kupwa, ili mkondo usiharibu kipimo. Bisha upande mmoja kwa dakika kumi, geuza, bisha upande wa pili kwa muda huohuo, kisha pima pembe kati ya mielekeo ya mistari miwili iliyochorwa na uigawe kwa mbili. Pembe ikiwa nyuzi 140, njia yako halisi ni nyuzi 70, hata kama omo ilionekana kuelekea kwingine. Rudia baada ya kubadilisha tanga, na tena baada ya shikio, kila mara upepo ukiwa wa nguvu ileile.