Simu Ikikataa Kuelewana na Redio ya Gari

Magari yanayoingia vijijini siku hizi si kama yale ya zamani. Redio ya zamani ilikuwa na vifundo viwili tu: kimoja cha sauti, kingine cha kutafuta stesheni. Redio ya leo ina kioo kama runinga ndogo. Inaonyesha ramani, inapiga muziki, na inataka kuungana na simu ya dereva. Simu ikiita, sauti hutoka kwenye spika za gari na dereva hujibu huku mikono yake yote miwili iko kwenye usukani. Hili si jambo la starehe tu. Fikiria gari la kijiji limebeba mama mjamzito usiku, na zahanati inapiga kusema apelekwe moja kwa moja wilayani. Dereva anayepapasa simu mfukoni kwenye kona anahatarisha watu wote waliomo.

Lakini tunasikia malalamiko kila mahali: "Simu na redio hazishikani!" Wengine wamelipa mafundi fedha nyingi kwa ugonjwa ambao dawa yake ni kubonyeza mahali pawili. Kwa hiyo tuelezane.

Kitu kinachounganisha simu na redio bila waya huitwa Bluetooth. Husomwa "blutuuthi". Kazi ya kukitengeneza ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson ya Sweden, na jina ni la mfalme wa zamani wa Denmark, Harald Bluetooth. Watengenezaji walilipenda kwa sababu mfalme yule alisifika kwa kuunganisha watu waliokuwa mbalimbali. Chenyewe ni mawimbi ya redio, kama yale yanayoleta taarifa ya habari, ila haya yana nguvu ndogo sana. Kwa vifaa vingi hufika kama meta 10 tu. Kwa hiyo hayahitaji mnara wala vocha. Hata mahali pasipo na mtandao wa simu, simu yako na redio bado zinaweza kuungana, ila ndiyo hivyo, hutapata wa kumpigia.

Sasa shikeni jambo hili, maana ndilo mzizi wa matatizo mengi. Kuna kujuana na kuna kuungana. Kujuana hufanyika mara moja tu. Simu na redio huonana, huonyeshana namba, wewe unakubali pande zote mbili, kisha kila kimoja huandika jina la mwenzake na ufunguo wa siri katika daftari lake la ndani. Kuungana hufanyika kila siku, gari likiwashwa: vinatafutana, vinalinganisha funguo, vinaanza kazi. Ufunguo wa upande mmoja ukifutika au kubadilika, labda kwa sababu simu imesafishwa na fundi au imepata programu mpya, basi vinaonana lakini vinakataana. Hapo mtu hubonyeza "unganisha" mpaka kidole kinauma.

Dawa ni kufuta pande zote mbili. Watu wengi hufuta kwenye simu, wakaacha redio bado ina jina la zamani. Hiyo ni nusu ya kazi. Simamisha gari pembeni, weka gia ya maegesho, vuta hendibreki. (Redio nyingi hukataa kabisa kazi hii gari likiwa linatembea, na zinafanya vizuri.) Kwenye simu nenda kwenye mipangilio, fungua Bluetooth, tafuta jina la gari, chagua kusahau. Kwenye redio tafuta orodha ya simu, futa jina la simu yako. Zima simu, uiwashe tena. Zima na gari, fungua mlango, ngoja dakika chache, maana redio nyingine hazizimiki kweli mpaka mlango ufunguliwe. Kisha anza kujuana upya kama vile hazijawahi kuonana. Redio ikidai namba na hakuna iliyoandikwa kwenye kioo, jaribu 0000 au 1234. Ndizo zinazotumika sana.

Na kama redio haiioni simu kabisa? Mara nyingi simu imefichwa. Simu nyingi huonekana kwa wengine wakati ule tu ambao ukurasa wa Bluetooth umefunguliwa kwenye kioo chake, kwa hiyo uache wazi mpaka kazi iishe. Tena, redio ina nafasi za kuhesabika katika daftari lake. Gari la ushirika lililopita kwa madereva saba linaweza kuwa limejaa, na halitasema kila mara kuwa limejaa. Futa majina ya walioondoka.

Kuna kisa kingine cha kuchekesha. Simu imeungana vizuri, lakini ya mtu mwingine! Redio hupenda simu iliyotumika mwisho. Bwana amewasha gari nyumbani, simu ya mkewe iko jikoni hatua chache tu, redio imeishika hiyo. Mama anapokea simu ya shangazi yake, na bwana garini anasikia mazungumzo yote. Hapo hakuna kilichoharibika. Ingia kwenye orodha, chagua simu unayotaka.

Pengine muziki unatoka lakini simu hazisikiki, au simu zinasikika lakini majina hayaonekani. Hapa ujue kuwa kuongea, muziki na orodha ya majina ni kazi tatu mbalimbali, na kila moja ina ruhusa yake. Siku ile ya kujuana, simu iliuliza kama gari liruhusiwe kuona majina, nawe kwa haraka ukabonyeza "kataa". Rudi kwenye jina la gari ndani ya simu, uwashe ruhusa iliyozimwa.

Magari mapya zaidi yana Android Auto kwa simu za Android, na CarPlay kwa simu za iPhone. Hizi huleta ramani ya simu kwenye kioo cha gari, na mara nyingi hutaka waya. Hapa ndipo watu huibiwa mchana kweupe. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne ndani: mbili hupitisha umeme, mbili hupitisha habari. Waya rahisi wa mnadani mara nyingi una zile mbili za umeme tu. Simu inachaji, mwenye gari anasema waya ni mzima, kumbe habari hazina njia ya kupita. Jaribu waya mwingine mzuri na mfupi kabla hujamwita fundi. Angalia pia tundu la chaji la simu. Vumbi la barabara zetu hujaa mle, waya haufiki mwisho. Zima simu, toa vumbi taratibu kwa kijiti kikavu cha meno, usitumie sindano.

Tuseme kidogo juu ya magari yaliyotumika Japani, maana ndiyo mengi kwetu. Redio zake huandika Kijapani, na mtu aliyesoma akajua anajikuta hajui tena hata herufi moja. Usione haya. Ziko programu za tafsiri zinazosoma maandishi kwa kamera ya simu, hiyo itakuonyesha palipoandikwa "futa" na "sajili". Stesheni za FM za Japani huanzia 76, zetu hufika 108, kwa hiyo redio kukosa stesheni nyingi si ugonjwa. Ila jihadhari na mtu anayekuambia utoe waya wa betri ili redio ipate akili. Baadhi ya redio hizo, betri ikitolewa, hujifunga na kudai namba ya siri ambayo wewe huna. Hapo hata muziki utaukosa.

Mwisho, ukitaka kuuza gari, kumbuka lile daftari la ndani. Huenda lina majina na namba za ndugu zako wote, na watu uliowapigia. Kabla ya kukabidhi funguo, ingia kwenye redio, futa kila simu iliyoandikwa humo, kisha zima gari, uliwashe tena, uangalie kama kweli orodha iko tupu.