Je, Wajua? Pikipiki Hulazwa Msimu wa Theluji

Tangu 1997, Ujerumani ina namba za usajili za msimu. Kibao huonyesha mwezi wa kuanza na wa kumaliza, kwa mfano 04 na 10. Nje ya miezi hiyo, pikipiki yenye kibao hicho hairuhusiwi barabarani, hivyo hulazwa, yaani huhifadhiwa bila kutumika; kodi na bima hulipiwa miezi ya kwenye kibao tu.

Kabla ya kuilaza:

• Tangi la chuma hujazwa petroli pomoni. Likibaki nusu, unyevu wa hewa hugeuka matone na kuleta kutu.

• Oili hubadilishwa kabla ya kulaza, si baada. Iliyotumika ina maji na asidi zinazokula vyuma vya injini.

• Betri hutolewa na kuchajiwa. Iliyoisha chaji huganda upesi, kwa kuwa asidi yake imepungua nguvu na kukaribia maji matupu.

• Magurudumu huinuliwa kwa stendi ili tairi zisibonyee upande mmoja.

• Bomba la moshi huzibwa, panya wasihamie humo.

Kuiwasha dakika mbili tatu kila wiki hakusaidii: injini isiyopata moto sawasawa hubakiza maji ndani. Siku ya kuiamsha, kizibo cha bomba la moshi kitoke kwanza!