Kibao cha Kuuzia Vitu Kiwe Mahali Pake

Mkulima mmoja wa skimu alifika ofisini kwetu akiwa na huzuni. Alitaka kuuza ng'ombe wawili wa maziwa na jembe la kukokotwa siku ya Jumamosi, apate karo ya mtoto. Alipigilia vibao vinne: viwili juu ya miti kando ya lami, kimoja juu ya mlingoti wa stima, na kimoja langoni kwake. Ijumaa askari wa kaunti waling'oa vile vitatu vya nje. Siku ya kuuza walikuja majirani tu, nao walijua shida yake. Ng'ombe mmoja akaenda kwa bei ya hasara.

Wengi huuliza, "Kwani barabara si yetu sote?" Ndiyo, ni yetu sote, kwa sababu hiyo si ya mtu mmoja. Kati ya ua wako na lami pana ardhi ya barabara, hata kama ng'ombe wako hula majani hapo. Barabara kuu za nchi zi chini ya KeNHA. Nyingine zi chini ya KURA, KeRRA au serikali ya kaunti. Tena Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti kazi ya kusimamia matangazo ya nje. Kipande chako cha mbao nacho ni tangazo.

Amri hizi zina maana. Kibao kwenye kona humzuia dereva asimwone mtoto anayevuka. Msumari huumiza mti, na siku ya kupasua mbao huvunja meno ya msumeno. Mlingoti wa stima waweza kuua.

Basi, mkulima, fanya hivi:

1. Nenda kwanza ofisi ya kaunti katika wadi yako. Uliza barabara ni ya nani, ada ni kiasi gani, na kibao kikae siku ngapi. Kila kaunti ina ada zake. Ukilipa, chukua risiti.

2. Ukitaka kukisimamisha ndani ya shamba la mwenzako, mwombe ruhusa.

3. Andika maneno machache kwa herufi kubwa: kitu, siku, saa, na mshale. Abiria wa matatu hana nafasi ya kusoma barua.

4. Jioni ya siku ya kuuza, ondoa vibao vyote na kufukia mashimo.

Kumbuka pia kwamba kibao si kibali. Ng'ombe akinunuliwa, asisafirishwe bila kibali cha ofisi ya mifugo. Na shamba lenyewe haliuzwi kwa kibao: mauzo ya ardhi ya kilimo yataka idhini ya bodi chini ya Sheria ya Kudhibiti Ardhi, Sura 302. Bila idhini hiyo, mapatano ni bure.

Yule mkulima tulimshauri aombe nafasi katika ubao wa chama cha ushirika, pale wanapopokea maziwa. Karani alikubali, bila malipo. Kila asubuhi wafugaji walisoma tangazo wakingoja mikebe yao, na ng'ombe wa pili alipata mnunuzi wa haki.

Biashara ni matangazo, lakini tangazo lililong'olewa halina msomaji. Uliza kwanza, ndipo upige msumari.