Fadhila ya Kumwandika Kunguru

Aghalabu mtu akiambiwa kwamba raia asiye mtaalamu aweza kuitumikia elimu ya wanyamapori, fikira zake humwendea yule mwenye bahati aliyemwona ndege adimu. Kumbe kazi yenyewe, kama ifanywavyo nchini Kenya na watu wanaojitolea katika mradi uitwao Kenya Bird Map, muradi wake mkubwa ni ndege wa kila siku.

Nchi nzima imegawanywa katika miraba ya dakika 5 za latitudo kwa dakika 5 za longitudo, yaani takriban kilomita 9 kila upande. Mwenye kujitolea huchagua mraba wowote, hata ule wa mtaani kwake, akautembea kwa muda usiopungua saa 2, akijitahidi kufika msituni, shambani, kinamasini na hata kwenye jaa la takataka, akimwandika kila ndege aliyemtambua kwa macho au kwa sauti, kwa taratibu ile ile ya kuonekana kwao. Kisha ana ruhusa ya kuongeza majina hadi siku ya 5. Idadi haitakiwi: tetere mmoja na tetere mia ni jina moja.

Sharti la saa 2 si udhia wa bure. Orodha isiyo na kipimo cha juhudi haisemi lolote juu ya ndege asiyetajwa, ilhali ile iliyotimiza sharti humfanya asiyetajwa naye kuwa habari. Tuseme mraba mmoja umepata orodha 20, na shorewanda ametokea katika 18: kiwango chake ni 90 kwa mia. Baada ya miaka kadhaa kikishuka hadi 40, pasipo mtu yeyote kuhesabu shorewanda hata mmoja, tumepata dalili ya kutosha kuanza kuuliza.

Laiti kaida hii ingalikuwapo zamani! Kunguru wa Bara Hindi, mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, yasemekana ili ale taka za mji. Akaenea pwani nzima, hata leo Mombasa na Dar es Salaam kunguru wetu wa asili, mwenye kifua cheupe, amekuwa nadra. Lakini ni nani zama zile aliyeona maana ya kumwandika kunguru?

Aibu ya mradi ni kwamba orodha husongamana Nairobi na kandokando ya mbuga za watalii, na kaskazini mashariki miraba mingi ni mitupu. Kwa rai yangu, orodha moja ya Mandera yafaa kuliko ya mia ya Nairobi, na mwalimu wa huko hana haja ya kuwajua ndege wote wa Kenya, ambao wapita aina 1,000. Asiyemtambua kwa yakini na amwache, asimwandike.