Redio, Uvumi na Jirani: Propaganda ya Vita Ilivyopita Bujumbura

Propaganda ya vita hupata mwanya pale habari za kawaida zinapokatika. Bujumbura ilijionea hilo tarehe 21 Oktoba 1993. Usiku wa kuamkia siku hiyo wanajeshi waliishambulia ikulu, wakamkamata Rais wa Burundi, Melchior Ndadaye, Mhutu aliyechaguliwa na wananchi Juni mwaka huohuo, wakamuua. Redio ya taifa ikanyamaza. Aliyetaka kujua kilichotokea mjini mwake, awe mkazi wa Buyenzi, Kamenge au Mutanga Nord, ilimbidi atafute mawimbi ya nchi jirani, na wengi walinasa matangazo ya Kigali. Kupitia Radio Rwanda, waziri wa Burundi aliyekuwepo huko alitangaza mapinduzi na kuwataka wananchi wayapinge. RTLM, redio ya binafsi iliyoanza kurusha matangazo Kigali miezi mitatu tu kabla, ilisimulia kwa kirefu mateso ambayo Ndadaye hakuyapata, hata kudai kwamba alihasiwa.

Kuuawa kwa rais kulikuwa kweli, na uhalifu wenyewe ulikuwa mkubwa kiasi cha kutohitaji kutiwa chumvi. Chumvi ilitiwa kwa sababu ilikuwa na kazi ya kufanya: kuhamisha hasira kutoka kwa askari waliofanya mauaji, wa jeshi lililoongozwa na Watutsi, hadi kwa kila Mtutsi, popote alipo. Katika siku na wiki zilizofuata maelfu ya Watutsi waliuawa vijijini, pamoja na Wahutu waliohesabiwa kuwa wafuasi wa UPRONA, chama kilichokuwa kimeshindwa uchaguzi. Kisha jeshi likaua maelfu ya Wahutu kwa jina la kurudisha utulivu. Vita vilivyoanzia hapo vilidumu zaidi ya miaka kumi, na idadi ya waliokufa kwa kawaida hukadiriwa kuwa 300,000.

Neno propaganda lenyewe lilizaliwa kanisani. Mwaka 1622 Papa Gregori XV aliunda idara ya Vatikani ya kueneza imani, na jina lake la Kilatini ndilo lililozaa neno hili. Maana mbaya ilikuja baadaye, hasa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, pale Uingereza ilipofungua London mwaka 1914 ofisi ya siri ya kuandaa vitabu na makala za kuvutia nchi nyingine upande wake. Ujerumani ya Hitler ikaona mbali zaidi: mwaka 1933 ilianza kuuza redio ya bei nafuu ili sauti ya serikali iingie sebuleni mwa kila mtu. Kiswahili nacho kina neno lake, na pengine limelenga zaidi kuliko la Kilatini. Kasumba, kabla ya kuwa fikra zilizopandikizwa kichwani mwa mtu, ni afyuni. Anayeivuta hajisikii amelazimishwa.

Baada ya 1993, kasumba ilisambazwa Burundi kwa karatasi na kwa hewa. Magazeti madogo ya pande zote mbili yalichapa majina ya watu na kuwaita wauaji bila ushahidi, yakachora vibonzo vya kudhalilisha, yakahesabu maiti wa upande wao tu. Yalichapwa kwa nakala chache, mengi kwa Kifaransa, na mwananchi wa kawaida hakuyasoma. Lakini aliyesoma alimsimulia asiyesoma, na ikifika jioni habari imeshatafsiriwa kwa Kirundi na Kiswahili, imekomazwa, imepewa mashahidi. Mwaka 1994 ikaanza kusikika redio ya msituni, Rutomorangingo, iliyohusishwa na waasi wa CNDD na kurusha matangazo kutoka upande wa Zaire. Serikali iliitafuta ili kuizima. Watu waliitafuta ili kuisikiliza, hata wale walioiogopa, kwa kuwa kila mmoja alitaka kujua adui anasema nini.

Jiji likagawanyika. Kamenge na Kinama zikawa mitaa ya Wahutu. Ngagara, Nyakabiga, Musaga na Cibitoke zikawa za Watutsi. Vijana wa makundi kama Sans Échec wakalinda mipaka ambayo haikuwemo katika ramani yoyote. Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ulijitahidi kubaki wa wote. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Juni 1995, wanafunzi wa Kihutu waliuawa katika Kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi. Tukio hilo linavunja dhana moja inayopendwa sana, kwamba propaganda ni ugonjwa wa wasiosoma. Waliouawa pale na wanafunzi wenzao waliowaua walikuwa wakikaa darasa moja na kutumia maktaba moja.

Je, redio inaweza kweli kumfanya mtu aue? Suala hili limechunguzwa zaidi nchini Rwanda, kuhusu mauaji ya kimbari ya 1994. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani tarehe 3 Desemba 2003 Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waasisi wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta sehemu ya makosa na kupunguza adhabu, lakini hatia ya uchochezi ilibaki kwa Nahimana na Ngeze. Watafiti hawakubaliani kuhusu kiasi. Mchumi David Yanagizawa-Drott alilinganisha maeneo yaliyofikiwa na mawimbi ya RTLM na yale yaliyozibwa na milima, akakadiria kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji ilitokana na matangazo hayo. Scott Straus, aliyewahoji wauaji wenyewe magerezani, alikuta kwamba wengi walitaja zaidi watu waliowajia ana kwa ana, viongozi wa mitaa na majirani, kuliko redio.

Majibu hayo mawili yanaonekana kupingana, na utafiti wa tatu unasaidia kuyaunganisha. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck alifuatilia wasikilizaji wa Musekeweya, mchezo wa redio ulioanza Rwanda mwaka 2004 kwa lengo la upatanisho. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 yalikuwa ya kushangaza: mchezo haukubadilisha sana imani za ndani za wasikilizaji. Ulibadilisha walichodhani kwamba watu wengine wanakikubali na kukitenda, na kwa hiyo mwenendo wao wenyewe.

Hapa ndipo kiini cha jambo hili kilipo, na kinastahili kutazamwa polepole. Mtu wa Bujumbura wa mwaka 1994 hakuhitaji kumchukia jirani yake. Ilitosha aamini kwamba jirani anamchukia yeye, kwamba usiku kuna mkutano ambao hakualikwa, kwamba watu wote wa kabila lake wameshaamua na yeye peke yake amechelewa. Redio ilimpa hisia kwamba uamuzi umeshapitishwa. Kiongozi wa mtaa aliyebisha hodi baadaye alikuta mlango uko wazi. Ndiyo maana wauaji wa Rwanda waliweza kumwambia Straus, bila kusema uongo, kwamba redio haikuwatuma.

Kazi ya kujenga hisia hiyo hufanywa zaidi na maneno madogo. Rwanda ilikuwa na inyenzi, mende. Nchini Burundi, katika mauaji ya 1972 yanayoitwa Ikiza, neno lililotumika kwa waliokamatwa lilikuwa abamenja, wasaliti, na likifika kwa mtu hakuulizwa tena amefanya nini. Miaka ya karibuni wapinzani wameitwa mujeri, mbwa koko. Hatari zaidi ni maneno ya kawaida yanayogeuzwa matumizi. Mwaka 1994 kule Rwanda kitenzi gukora, kufanya kazi, kilimaanisha kuua. Tarehe 29 Oktoba 2015, Révérien Ndikuriyo, Rais wa Seneti ya Burundi wakati huo, alizungumza na viongozi wa mitaa ya Bujumbura kwa Kirundi na kulitumia neno hilohilo kuhusu operesheni iliyokuwa inakuja. Sauti ilivuja, na siku chache baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa likiijadili Burundi. Serikali ilisema kiongozi huyo hakueleweka. Lakini maana ya neno haimilikiwi na msemaji peke yake. Kwa watu waliokuwa hai mwaka 1994, gukora lilikuwa limeshajaa damu.

Burundi iliyoumizwa na redio ndiyo hiyo iliyoonyesha jinsi ya kujitibu kwa redio. Mwaka 1995, vita vikiwa vimepamba moto, shirika la Search for Common Ground lilianzisha Bujumbura Studio Ijambo. Kanuni yake ilikuwa rahisi na ngumu kwa pamoja: mwandishi wa Kihutu na wa Kitutsi walikwenda kutafuta habari wakiwa wawili. Mmoja aliweza kuingia mtaa ambamo mwenzake angeuawa. Mwaka 1997 ukaanza mchezo wa redio Umubanyi niwe muryango, yaani jirani ndiye familia, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Kipindi kingine, Inkingi y'ubuntu, kilitafuta watu waliohatarisha maisha kuwaficha wa kabila jingine. Kwa kuwasikiliza mashujaa hao, msikilizaji aligundua kwamba ule uamuzi aliodhani umepitishwa na wote haukuwahi kupitishwa.

Redio huru zikafuata: Bonesha FM, iliyotokana na Umwizero ya mwaka 1996, Radio Publique Africaine, RPA, iliyoanzishwa na Alexis Sinduhije mwaka 2001 na kuajiri hata waliokuwa wapiganaji wa pande zote, kisha Isanganiro mwaka 2002. Kwa miaka kadhaa mkazi wa Bujumbura alikuwa na kitu ambacho wengi wa ukanda huu hawakuwa nacho: uwezo wa kusikia tukio moja kutoka vituo vitatu au vinne na kupima mwenyewe.

Uwezo huo ulivunjwa kwa siku mbili za Mei 2015. Mwezi uliotangulia, maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalipoanza, RPA ilifungwa, na mitandao ya kijamii ikazibwa. Tarehe 13 Mei Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza mapinduzi kupitia redio binafsi. Rema FM, iliyo karibu na chama tawala, ikachomwa. Mapinduzi yaliposhindwa, vituo vya RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance vilishambuliwa na kuharibiwa. Waandishi wengi walikimbilia Kigali.

Aliyeamini kwamba kuziba vituo kungezima uchochezi alikosea kabisa. Uvumi, ibihuha kama Warundi wanavyouita, ulihamia kwenye simu. Risasi zilisikika usiku, na kabla ya kupambazuka WhatsApp ilikuwa imejaa sauti za watu wasiojulikana, kila mmoja na idadi yake ya wafu. Picha za vita vya nchi nyingine zilipewa majina ya mitaa ya Bujumbura. Mtu wa Mutanga Nord alikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mahali palipotajwa, lakini hakuthubutu kutoka kwenda kuangalia. Waandishi waliobaki walijaribu kuziba pengo: SOS Médias Burundi ilichapa habari zake mtandaoni tangu Mei 2015, na waliokuwa uhamishoni walituma Humura na Inzamba kama faili za sauti za kusikiliza kwenye simu. Juhudi hizo zilikuwa za kishujaa, lakini hazikumfikia bibi wa kijijini mwenye redio ya betri.

Simu ina tabia ambayo redio haikuwa nayo. RTLM ilikuwa na anwani, na baadhi ya watangazaji wake walipatikana na kuhukumiwa. Sauti ya WhatsApp huletwa na shemeji, mwanakwaya mwenzio au mjumbe wa ukoo, na heshima yake huihamia habari. Kwa hiyo kazi ambayo zamani ilihitaji redio na kisha mtu wa kubisha hodi, sasa hufanywa na ujumbe mmoja.

Tarehe 22 Desemba 2023 watu waliuawa Vugizo, karibu na Gatumba, magharibi ya Bujumbura. Serikali ilisema waliokufa ni 20, wakiwemo watoto 12. Kundi la waasi la RED-Tabara, ambalo Burundi inadai linasaidiwa na Rwanda, lilisema limeua askari tisa na polisi mmoja. Kila taarifa ilijitosheleza, kila moja ilikuwa na wasambazaji wake, na mwezi uliofuata mpaka wa Burundi na Rwanda ulifungwa. Tangu miji ya Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari na Februari 2025, huku wanajeshi wa Burundi wakipigana Kivu Kusini, mtindo huo umekuwa wa kila siku: Banyamulenge, Watutsi wa Kivu Kusini, wanaitwa wageni katika nchi waliyozaliwa, na kila kijiji kinachotekwa kina hadithi mbili. Machi 2025 Sauti ya Amerika nayo ilinyamazishwa na serikali ya Marekani yenyewe, na wasikilizaji wa Kirundi wakapoteza chanzo kingine cha kulinganisha.

Isanganiro na Rema FM ziliruhusiwa kurudi hewani Februari 2016, na Bonesha mwaka 2021. RPA na Renaissance hazikurudishiwa haki hiyo, na Machi 2021 Rwanda nayo ilizisimamishia matangazo ziliyokuwa zikirusha kutoka uhamishoni. Zifunguliwe. Vita viko ng'ambo ya ziwa, na mkazi wa Mutanga Nord anayesikia mlio usiku anastahili kuwa na zaidi ya sauti moja ya kumweleza ni mlio wa nini.