Shahada ya pili isiwe ya kutundika ukutani

MAMA mmoja anayeuza dagaa pale Mugina, mpakani mwa Burundi na Tanzania, aliniuliza swali lililoninyima usingizi. Nilikuwa nimemweleza kuwa natafuta chuo cha kusomea shahada ya uzamili. Akaweka chini ndoo yake, akasema: "Mwalimu, ukimaliza huko, sisi tutapata nini?"

Sikuwa na jibu. Nililokuwa nalo ni kidonda. Miaka michache nyuma niliuza ng'ombe wawili nikaanza kozi ya uzamili katika chuo ambacho sitakitaja. Nilitaka kuandika tasnifu kuhusu migogoro ya ardhi kati ya sisi tuliorejea na wale tuliowakuta katika mashamba ya wazazi wetu. Nikaambiwa nichague mada katika orodha iliyokwisha kuandaliwa. Ada ilipokwisha, nami nikaishia njiani.

Wengi wetu tuliosomea uhamishoni tunalijua jambo hili. Mimi nilisoma Ulyankulu, Tabora, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1972 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka ule. Tulirudi na Kiswahili na Kiingereza, tukakuta ofisi zinaandika Kifaransa. Ndiyo maana tunakimbilia cheti kikubwa zaidi ili tukubalike. Lakini kukubalika peke yake si sababu ya kutosha ya kuuza ng'ombe.

Elimu ya juu inayoshuka kwa wananchi si ndoto katika ukanda wetu. Katika miaka ya 1970, Marja-Liisa Swantz na wenzake waliendesha mradi wa Jipemoyo huko Bagamoyo, ambako wanakijiji walishiriki katika utafiti badala ya kuhojiwa tu na kuachwa. Wakati huohuo Budd Hall, aliyekuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, Dar es Salaam, alikuwa akiijenga hoja ya utafiti shirikishi ambayo baadaye ilienea duniani. Makerere nako kulianzishwa Kituo cha Haki za Binadamu na Amani mwaka 1993. Mwaka 1999 Kitivo cha Sheria kikaanzisha mradi wa sheria za wakimbizi, uliounganisha utafiti na msaada wa kisheria.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujalipa hata ada ya fomu, uliza maswali haya.

Kwanza, nani atakusimamia? Soma alichoandika, kisha uliza kama amewahi kurudisha matokeo kwa watu aliowahoji. Pili, je, kozi ina muda wa kazi nje ya darasa, na unahesabiwa katika alama? Tatu, mada utaichagua wewe? Nne, shahada hiyo inatambuliwa nchini kwako? Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Hata hivyo, usibahatishe. Nenda wizarani na jina la chuo na la kozi, upate jibu la maandishi. Tano, mwanafunzi wa Jumuiya analipa ada ya mwenyeji au ya mgeni? Tofauti hiyo yaweza kuwa ng'ombe mwingine.

Mada zenyewe ziko miguuni petu. Jumuiya ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupewa cheti cha uasili mpakani penyewe na husamehewa ushuru wa forodha. Kwa nini basi mwenye ndoo tatu za dagaa anampa dalali fedha, au anapita njia za panya? Ni lugha? Ni hofu? Hiyo ni tasnifu kamili, na majibu yake yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja ya Kiswahili na kubandikwa sokoni.

Nilirudi kwa yule mama nikamweleza wazo hilo. Alicheka kidogo, kisha akaniuliza: "Hiyo karatasi italetwa lini?"

Safari hii nitaomba chuo nikiwa na swali lake mkononi. Chuo kitakachosema swali hilo si la kisomi, nitakiaga mapema, kabla ya kuuza ng'ombe.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sekondari.